KUBADILISHA MTUTU WA BUNDUKI FUPI: INASAIDIA AU NI STORI ZA KIJIWENI?

Leo natoka kidogo kwenye siasa na bei ya unga. Juzi hapa cafe madogo walikuwa wanacheza gemu la vita, mmoja akasema kwa kujiamini kabisa: "Bunduki fupi haina shabaha, ila ukiitoa mtutu ukaiwekea mwingine inapiga mpaka kilomita." Wote wakaitikia. Mimi nikanyamaza, maana hilo jambo nyumbani kwetu si gemu.

Babu yangu alikuwa askari wa wanyamapori huku Tanga miaka ya 60. Siku moja aliitwa kijijini, nguruwe pori walikuwa wanamaliza mihogo ya watu. Akalenga dume moja, mita kama 80 hivi, amelala chini na mkono umetulia. Risasi ikampata nguruwe mguu wa nyuma. Nguruwe akaingia kichakani na hasira zake, na kesho yake asubuhi mzee mmoja jirani akakutana naye. Yule mzee alichechemea mpaka anakufa. Babu hapendi kuizungumzia hiyo siku.

Nilipokuwa mdogo nilimuuliza ilikuwa bunduki gani. Akasema, "303, ila ile fupi, ina faneli mdomoni." Miaka imepita, siku moja nipo kwenye mtandao napekua mambo yangu, nikaiona picha. Faneli hii hapa! Ikabidi nisome mpaka saa yangu ya cafe ikaisha, nikaongeza nyingine. Haya ndiyo niliyoyapata.

BUNDUKI YENYEWE

Inaitwa Lee-Enfield namba 5. Ni bunduki ya komeo, yaani kila risasi unavuta komeo kwa mkono, unarudisha, ndipo unapiga tena. Waingereza waliitengeneza kuanzia 1944 mpaka 1947 kwa ajili ya vita vya msituni huko mashariki ya mbali. Walichukua Lee-Enfield namba 4, ile ndefu ya kawaida, wakaifupisha kama sentimita 10 na kuipunguza uzito karibu kilo nzima. Walikata mbao, wakakwangua chuma kwenye mtutu na kwenye mwili wa bunduki, mpaka kirungu cha komeo wakakitoboa kiwe chepesi! Mwanga wa baruti ulikuwa mkali sana kwa sababu ya ule ufupi, ndiyo maana wakaweka faneli mdomoni kuuficha. Baada ya vita ilitumika Malaya, na hapa jirani Kenya wakati wa vita vya Mau Mau.

Tatizo likawa moja. Askari walilalamika kwamba inahama. Leo umerekebisha vilengeo vyako, inapiga pale unapotaka, kesho inapiga pengine. Sababu hasa inabishaniwa mpaka leo. Wengine wanasema kile chuma kilichokwanguliwa kiliifanya bunduki ijipinde kila ikipigwa. Wengine wanasema jeshi lilikuwa linataka bunduki za kujipakia zenyewe, likatafuta kisingizio. Vyovyote vile, 1947 wakaacha kuitengeneza.

SHABAHA NI NINI HASA?

Hapa ndipo wengi tunapotea. Shabaha si kupiga mbali. Shabaha ni KURUDIA. Ukipiga risasi tano bila kubadilisha kitu, zinaangukia karibu karibu au zinatawanyika? Bunduki nzuri sana, kwa mita 100, risasi zake zinakaa kwenye duara la milimita 29, yaani karibu upana wa kizibo cha soda. Zikikaa kwenye duara la sahani ya chai, bado inamfaa askari. Zikikaa kwenye duara la sinia, hapo omba Mungu.

Ili irudie, kila kitu lazima kitokee vilevile kila mara. Ndani ya mtutu kuna mifereji inayozunguka kama skrubu. Kwenye .303 inapinda kushoto, na inamaliza mzunguko mmoja kila inchi 10. Risasi inatoka kwa kasi ya kama mita 740 kwa sekunde, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe: inakuwa inajizungusha karibu mara 2,900 kwa sekunde! Huo mzunguko ndio unaoifanya iende imetulia. Na wakati risasi inapita, mtutu mzima unatikisika kama fimbo uliyoigonga. Ukitikisika vilevile kila mara, sawa. Ukitikisika tofauti, risasi zinatawanyika.

Sasa, je, ufupi ndio kosa? Hapana. Mtutu mfupi, kama unene ni uleule, ni mgumu zaidi kupinda kuliko mrefu. Unachopoteza ni kasi kidogo, na umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Hilo la pili ndilo linaloumiza. Kama vilengeo vimeachana sentimita 70, ukikosea nusu milimita tu, mita 100 mbele umekosa kwa milimita 71. Vikiachana sentimita 60, kosa lilelile linakuwa milimita 83. Kwa hiyo dogo wa gemu kachanganya mambo: wembamba wa mtutu na ukaribu wa vilengeo vyote yeye anaviita ufupi.

FUNDI ANAFANYA NINI?

Fundi wa kweli haanzi na kutoa mtutu. Anaanza na vitu vya bure: skrubu zimekaza? Vilengeo havichezi? Risasi ni za aina moja? Anatazama mdomo wa mtutu, kwa sababu pale ndipo risasi inaaga. Kukiwa na pengo upande mmoja, gesi inatoka mapema upande huo na kuisukuma risasi kando. Anasafisha ndani pia. Risasi za zamani za .303 ziliacha chumvi kwenye mtutu, ndiyo maana askari walifundishwa kumimina maji ya moto ndani yake. Aliyekuwa mvivu, mtutu wake uliota kutu.

Mtutu ukiwa umekwisha kweli, yaani mifereji imeliwa na moto pale risasi inapoanzia safari, ndipo unatolewa. Mwili wa bunduki unabanwa, mtutu unafunguliwa kama boliti kubwa. Mpya unakerezwa kwenye mashine, unachongwa hesi, halafu chumba cha kukaa risasi kinachimbwa. Hapo hakuna kukadiria kwa jicho! Nafasi kati ya uso wa komeo na kitako cha risasi inapimwa kwa vipimo maalum vya chuma. Kimoja lazima kiingie na komeo lifunge, kingine lazima KIKATAE. Kikikubali, nafasi imezidi, ganda linaweza kupasuka na gesi ya moto ikarudi karibu na uso wako. Lee-Enfield namba 4 ina ujanja wake: kichwa cha komeo kinafunguka, na vilitengenezwa kwa saizi, 0 mpaka 3, ili fundi abadilishe mpaka kipimo kikubali.

Bado mbao. Mtutu ukigusa mbao vibaya, mvua ikinyesha mbao zinavimba, zinausukuma, na bunduki inahama. Suluhisho moja ni kuuacha mtutu uelee bila kugusa mbao kwa mbele. Kipimo chake ni rahisi: noti ya pesa ipite kati ya mtutu na mbao bila kukwama.

Mfano mzuri ni wa Waingereza wenyewe. Mwaka 1970 walianza kuchukua Lee-Enfield namba 4 za walenga shabaha, zilizotengenezwa wakati wa vita kuu ya pili, wakazitoa mitutu ya .303 na kuziwekea mipya, mizito, ya risasi za milimita 7.62. Mbao za mbele zikakatwa ili mtutu uelee. Bunduki hiyo, L42A1, ilikwenda nayo vitani Falkland mwaka 1982, na ilikuwa bado kazini mwanzoni mwa miaka ya 90. Lakini ona walichofanya: walichagua ile ndefu, tena zile zilizokwisha kuthibitisha shabaha, halafu wakaongeza uzito. Namba 5 hawakuigusa. Ukitaka nyepesi na fupi, kuna mahali utalipia.

TAHADHARI WADAU

Najua kuna mtu anawaza bomba la maji na fundi welda. ACHA. Kule Birmingham kuna nyumba ya kupimia mitutu tangu 1813. Mtutu mpya unapigwa risasi yenye nguvu kupita kawaida, ukipona ndipo unagongwa muhuri, na Uingereza kuuza bunduki ambayo haijapimwa ni kosa. Bomba halijapimwa na mtu. Watu wamepoteza vidole na macho kwa magobore ya kienyeji. Hapa kwetu nako kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na silaha bila kibali ni jela, usije ukasema hukuambiwa.

Sasa nimalizie na babu. Nilichapisha ile picha, nikampelekea kijijini na maelezo yote. Nilitaka nimfurahishe, nimwambie, "Babu, haikuwa mkono wako, ilikuwa bunduki." Akaishika karatasi muda mrefu, miwani imeshuka puani. Halafu akasema:

"Mjukuu wangu, nilikuwa najua inahama. Wiki ile nilipiga kopo, ikaenda kushoto. Nikasema nitaripoti nikirudi."

Nilikosa la kumjibu. Kwa hiyo madogo wa cafe, mtutu mpya unasaidia, ndiyo, kama wa zamani umekwisha na kama fundi anajua kazi. Lakini kabla ya mtutu kuna kopo la babu: kupima, na kusema ukweli wa ulichokiona, kabla mtu mwingine hajapita kwenye kile kichaka.

Wenye wazee waliowahi kubeba 303, hebu wawekeni stori zao hapo chini. Na nikikosea mahali nirekebisheni. Nawasilisha.