Safari ya Kutazama Ndege: Kutoka Buteba Mpaka Msituni na Mafunjoni

Wasomaji wengi wa gazeti letu, wenzetu wa madarasani na ninyi wazee mliotutangulia, mwajua Buteba kwa ajili ya malori. Malaba iko upande mmoja, Busia upande wa pili, na katikati ni barabara, vumbi na mihogo. Lakini wako wageni wachache wapitao huku kwa habari nyingine kabisa. Huamka kabla ya jogoo kuwika, hutundika darubini shingoni, humlipa mtu wa kuwaongoza, na jioni huzungumza kwa furaha juu ya ndege mmoja mdogo waliyemwona kwa nusu dakika. Watu wa njiani huwacheka na kuulizana, "Hivi hawa hawana kazi?" Swali hilo lastahili jibu, na njia nzuri ya kulijibu ni kueleza safari yenyewe inavyokwenda na kazi afanyayo yule kiongozi.

Kwanza tuitazame nchi. Mto Malaba, unaogawa Uganda na Kenya karibu nasi, hauendi Ziwa Victoria kama wengi wanavyodhani. Huelekea kaskazini-magharibi ukaingia Mpologoma, kisha Ziwa Kyoga. Mto Sio, usio mbali sana, hushuka kusini hadi Ziwa Victoria. Basi sisi twakaa mgongoni, maji yakitiririka pande mbili, ingawa mwishowe yote hukutana katika Nile. Tena ni hapa misitu ya jamii ya ile ya Kongo inapofikia mwisho wake upande wa mashariki, na nyanda za majani zinapoanza. Ndege wa kule na ndege wa huku hukaribiana. Uganda peke yake ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, na Kenya vile vile, hesabu ambayo nchi nyingi zilizo kubwa kuliko hizi hazina.

Msitu ulio karibu nasi ni Busitema, upande wa magharibi, unaokatwa na barabara kuu ya Tororo na Jinja. Wasafiri wa mabasi waujua kwa nyani wakaao kando ya lami wakingoja ndizi. Ni msitu wa serikali uliohifadhiwa, lakini shoka na tanuri za makaa zimeudhoofisha sana. Kwa asubuhi moja wafaa. Atakaye kuona msitu wenyewe hana budi kuvuka mpaka na kwenda Kakamega, mwendo wa karibu maili 50 kutoka Busia kwa njia ya Mumias. (Mpaka wenyewe si wa kale sana. Mpaka mwaka 1902 nchi hiyo yote hadi Naivasha ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Ndege hawakupewa habari ya badiliko hilo.)

Kakamega ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, na sehemu yake ya kaskazini ikafanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985. Viongozi wake wengi ni vijana wa vijiji vinavyouzunguka, nao wana chama chao. Hapa mgeni aliyezoea kutazama twiga na simba mbugani hushangaa, maana msituni macho hayamfai sana. Miti ni mirefu, majani yamefungana, na ndege yuko juu futi mia, mgongo wake ukielekea jua. Kiongozi hafanyi haraka. Husimama, huinamisha kichwa, husikiliza. Katika sauti ishirini zinazolia pamoja alfajiri aweza kukutajia kila moja ni ya nani na yatoka mti upi. Wala haitoshi kujua sauti, kwa sababu yuko kurumbiza mwenye utosi mweupe ambaye kazi yake ni kuiga wenzake. Atalia kama kozi, atalia kama kekeo, na mgeni ataandika aina tano kitabuni kumbe zote ni ndege mmoja aliyejificha kichakani. Kiongozi husubiri mpaka sauti irudie, ndipo anapotamka jina.

Jambo la pili hutazama chini. Atafuta siafu. Jeshi la siafu litokapo kuwinda, panzi, mende, buibui na nyenje wote hukimbia mbele yake, na wako ndege wa msituni wanaoishi kwa kulifuata jeshi hilo. Hawali siafu, hunyakua wale wakimbizi. Ni ndege wa rangi ya udongo, wenye haya, wakaao gizani chini ya miti, na mtu aweza kuzunguka siku tatu asimwone hata mmoja. Lakini akionyeshwa mahali siafu wanapopita, akasimama kimya hatua chache pembeni, suruali imechomekwa vizuri ndani ya soksi, huwaona sita au saba kwa pamoja wakirukaruka karibu na miguu yake. Hili halimo katika darubini ya bei yoyote. Ni ujuzi wa mtoto aliyetumwa kuni na akaumwa na siafu mara nyingi.

Wengine hujitangaza wenyewe. Hondohondo mkubwa mweusi na mweupe husikika kabla hajaonekana, kwa uvumi wa mabawa yake kama upepo katika tundu. Jike lake hujifungia ndani ya pango la mti kwa udongo, likaacha ufa mwembamba tu, na dume hulilisha kwa ufa huo majuma mengi. Shorobo mkubwa wa buluu, mwenye kishungi na mkia mrefu, hukimbia juu ya matawi kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Ndugu yake, shorobo wa Ross, ni wa zambarau iliyokoza, naye akikunjua mabawa hutoka wekundu kama damu. Rangi ile nyekundu ina shaba ndani yake, shaba hasa, madini. Mwanachuo Mwingereza aliitambua mwaka 1869, na si rahisi kupata mnyama mwingine aliyetiwa rangi namna hiyo.

Yuko mmoja ambaye viongozi humtaja kwa sauti ya chini, naye ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu. Kakamega ndiko makao yake ya mwisho katika Kenya, na pale palipokuwa na makundi leo wamebaki wachache mno. Wengine walikosa miti yenye mapango, na katika Afrika nzima maelfu walikamatwa wakauzwa ng'ambo kwa sababu husema kama watu. Mwaka 2016, katika mkutano wa mataifa mjini Johannesburg, biashara ya kuuza kasuku hao wa mwituni nchi za nje ilipigwa marufuku. Uganda bado wako zaidi. Mwenye kupita msitu wa Mabira asubuhi aweza kusikia miluzi yao.

Sasa turudi mpakani, tushuke mafunjoni. Watu wengi hulihesabu funjo kuwa pori tupu, mahali pa mbu na nyoka, panapongoja mtu mwenye jembe. Lakini kuna ndege waliofungiwa humo kama samaki alivyofungiwa majini. Mmoja ni wa jamii ya mbwigu, mweusi mgongoni, mwekundu sana kifuani, na utosi wa rangi ya dhahabu. Hukaa mafunjoni tu, tena katika nchi chache zinazozunguka maziwa yetu makuu. Ukikata mafunjo hahamii shambani, hutoweka. Wageni husafiri kutoka Ulaya na Marekani kumtafuta, na mabwawa ya mto Sio hadi Sio Port ni mojawapo ya mahali pake. Mabwawa hayo, yaitwayo Sio-Siteko, ni ya nchi mbili: kondoo wa mpaka, mtu aweza kusema, kila mwenye ng'ambo akidhani mwenzake ndiye mchungaji.

Namna ya kumwona ni hii. Mtumbwi huingia katika uchochoro wa maji asubuhi mapema, kabla ya upepo kuamka, kwa kuwa mashina ya futi 15 yakianza kutikisika hutajua lipi limetikiswa na ndege. Mpiga kasia hunyamaza. Dume hulia, na jike humjibu upesi hata zikawa kama sauti moja. Kiongozi hukadiria walipo kwa kupima nafasi kati ya sauti hizo mbili, kisha wote hungoja. Siku hizi wengine hucheza sauti ya ndege kwa simu ya mkononi ili wamtoe. Viongozi wenye adabu hufanya hivyo kidogo sana au hawafanyi kabisa, maana ndege yule hudhani adui ameingia kwake, akaacha mayai na kulisha watoto apate kupigana na simu.

Wakati wa kungoja hakosekani wa kutazamwa. Yuko sile mwenye vidole virefu sana, atembeaye juu ya majani ya yungiyungi kana kwamba yu sakafuni. Kwao dume ndilo huatamia mayai na kuwabeba watoto chini ya mabawa, miguu yao ikining'inia. Jike limekwenda kutafuta mume mwingine.

Je, kazi hii yaweza kumlisha mtu? Mfano upo Mabamba, bwawa lililo karibu na Entebbe, lililoandikwa mwaka 2006 katika orodha ya mabwawa yenye maana kwa mataifa yote. Humo hukaa yule ndege mkubwa wa kijivu mwenye mdomo kama kiatu. Wavuvi wa hapo waliamini kwamba kumwona asubuhi ni mkosi, siku hiyo hutapata samaki, na kwa hiyo walimwua. Leo wavuvi wa mahali pale huwapakia wageni katika mitumbwi yao kwenda kumwona, nao hulipwa.

Ujuzi ule ule waweza kutumiwa kinyume, na sharti tuliseme kwa kuwa limetokea jirani. Kule Bunyala, katika mashamba ya mpunga ya Kaunti ya Busia, miaka ya karibu na 2010 uchunguzi ulionyesha kwamba watu walikuwa wakiwategea ndege sumu ya wadudu ya shambani. Waliwindwa sana korongo domo-wazi, ambaye mdomo wake una mwanya katikati, nao humsaidia kushika konokono. Mtegaji huweka konokono wenye sumu, kisha humfunga korongo hai kwa kamba majini ili wenzake wanaopita angani wadhani pana chakula na usalama. Huiga hata mlio wao. Hujua watakuja saa ngapi, watatua wapi, watakula nini. Yaani ni kiongozi kamili, na zaidi ya wageni wengi wenye darubini. Nyama hiyo iliuzwa na kuliwa na watu, ingawa sumu ile haimchagui mlaji.

Haifai kumtukana mtegaji peke yake. Mtu mwenye njaa aliyesomea ndege tangu utotoni hutumia elimu aliyo nayo. Lakini tofauti ya faida yahesabika kwa vidole: korongo aliyekufa huuzwa mara moja, na aliye hai aweza kuonyeshwa kesho tena.

Korongo taji, aliye katika bendera ya Uganda tangu tarehe 9 Oktoba 1962, amepatwa na shida ya namna nyingine. Hutaga ukingoni mwa bwawa, mayai mawili mpaka manne, na huko ukingoni ndiko jembe linakoanza. Tangu 2012 amehesabiwa kuwa miongoni mwa ndege walio katika hatari kubwa ya kutoweka duniani. Mpunga haukumwumiza kila mahali, kwa maana katika mashamba ya Doho, Butaleja, huonekana akila. Lakini kula si kutaga. Ukitaka kuwahesabu, uwasubiri jioni chini ya miti wanakolala, kwa sababu katika korongo wote wa jamii hiyo duniani ni hawa wenye taji tu wanaolala juu ya miti.

Yabaki majani. Wageni wengi huwapita ndege wa majani upesi, na wenyeji zaidi, lakini kwa maoni yangu hapa ndipo penye jambo la ajabu kuliko yote, tena halihitaji mtumbwi wala nauli ya Kakamega. Mbayuwayu twaowazoea, wenye koo jekundu, hutoka Ulaya na Asia, hufika Septemba na Oktoba, wakaondoka mvua za masika zikija. Wakiisha kuondoka huja mwingine kutoka kusini, aliyeatamia katika milima ya Tanzania ya kusini, Malawi, Zimbabwe na Afrika Kusini. Huyu ni wa buluu nyeusi ing'aayo mwili mzima, na mkia wenye nyuzi mbili ndefu. Amekuwa haba duniani, na nyanda za majani za Busia ni mojawapo ya mahali pachache katika Kenya anapokuja kukaa. Nyanda hizo zinageuka kuwa miwa na mahindi mwaka kwa mwaka, hata amelazimika kuwinda inzi juu ya vipande vilivyobaki, malisho na viwanja.

Atakaye kumtafuta asimame mahali wazi penye majani mafupi, jioni baada ya mvua, wadudu wanaporuka chini chini. Aangalie koo kwanza: likiwa jekundu, au tumbo likiwa jeupe, si yeye. Aandike tarehe, saa, mahali na idadi, hata idadi ikiwa ni mmoja. Majira yake ni kutoka mwisho wa Aprili. Ifikapo Septemba amekwisha kurudi kusini.