Kuiweka Sawa Simu ya Mezani Ofisini



Katika kurasa hizi tumezoea kujadili ngeli, fasihi simulizi na mbinu za kufundishia. Leo naomba niandike kuhusu kitu kilicho juu ya meza ya karibu kila mwalimu, na ambacho wengi wetu hatukigusi mpaka kilie: simu ya mezani. Lengo la makala haya ni kueleza, hatua kwa hatua, mambo ambayo mwenye meza anaweza kuyapanga mwenyewe katika simu yake, na yale anayopaswa kumwomba msimamizi wa mfumo. Mwishoni tutaona kwamba kazi hii inagusa taaluma yetu ya lugha kuliko tunavyodhani.

Kisa kilichonifunza

Kabla ya kuja hapa nilifundisha katika chuo kingine. Nilipopewa ofisi nilikuta simu mezani, nikaipangusa vumbi, nikapiga nje mara moja, ikafanya kazi. Nikaridhika. Kwa wiki tatu haikulia hata siku moja, nami nikadhani hakuna anayenitafuta. Wiki ya nne alifika ofisini mwanafunzi aliyetoka Arua, alikokwenda kwa mazoezi ya kufundisha. Barua yake ilikosa sahihi, shule ikakataa kumpokea. Alikuwa amepiga namba ya ofisi yangu mara tano kwa salio lake mwenyewe, na kila mara akajibiwa na sauti kwamba mteja hapatikani.

Tulipochunguza tuligundua kuwa mwenzetu aliyenitangulia, kabla ya kustaafu, alikuwa ameelekeza simu zote za namba ile kwenye simu yake ya mkononi, na laini hiyo alikwishaiacha. Mwanafunzi alipoteza wiki mbili za mazoezi kwa sababu ya mpangilio ambao ungefutwa kwa kubonyeza vitufe vitatu.

Mfumo unavyofanya kazi

Ofisi ndogo haina haja ya kulipia laini ya nje kwa kila meza. Meza ishirini zinaweza kutumia laini nne kwa zamu. Kinachogawa laini hizo ni swichibodi. Kila meza hupewa namba ya ndani, ambayo wengi huiita ekstensheni, kwa mfano 201 au 202. Zamani swichibodi ilikuwa sanduku lililotundikwa ukutani na kuchomoza nyaya nyingi. Siku hizi ofisi nyingi hutumia kompyuta yenye programu ya kazi hiyo. Programu inayojulikana sana ni Asterisk, iliyoanzishwa nchini Marekani mwaka 1999 na Mark Spencer, na ambayo hutolewa bila malipo. Juu yake huwekwa programu nyingine, kama FreePBX, ili msimamizi apange mambo kwa kutumia kurasa za kawaida za kompyuta.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mipangilio ya simu yako hukaa mahali pawili. Sauti ya mlio, mwanga wa kioo na namba za kupiga kwa kitufe kimoja hukaa ndani ya chombo kilicho mezani. Jina linaloonekana kwa unayempigia, sanduku la ujumbe wa sauti, ruhusa ya kupiga nje na, mara nyingi, maelekezo ya simu zinazoingia hukaa katika swichibodi. Hivyo ukibadilishiwa chombo, maelekezo ya zamani hayaondoki, kwa sababu yamefungwa kwenye namba. Hata mimi ningeletewa simu mpya kabisa, simu zangu zingeendelea kwenda kwa mstaafu. Lakini baadhi ya vyombo vina uwezo wao wenyewe wa kuelekeza simu, kwa hiyo kagua pande zote mbili.

Hatua za kufuata

Misimbo ifuatayo ni ile ambayo FreePBX huja nayo. Msimamizi anaweza kuibadilisha, na swichibodi za kampuni nyingine zina misimbo yao, kwa hiyo omba karatasi ya misimbo ya ofisi yenu kabla ya kuanza.

1. Hakikisha jina na namba. Mpigie jirani kwa namba yake ya ndani umuulize anaona jina gani kwenye kioo. Akiona jina la aliyekutangulia, mwombe msimamizi alibadilishe. Huwezi kulibadilisha ukiwa mezani.

2. Futa maelekezo ya zamani. Bonyeza nyota 73 kufuta maelekezo ya simu zote, nyota 91 kufuta yale ya wakati laini yako inatumika, na nyota 53 kufuta yale ya wakati hujibu. Kisha nyota 79 kuondoa hali ya kutosumbuliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

3. Badilisha namba ya siri ya sanduku la ujumbe. Bonyeza nyota 97, weka namba ya siri uliyopewa, kisha 0, kisha 5. Usichague 1234, wala usirudie namba yako ya ndani.

4. Rekodi salamu zako. Humo humo baada ya 0, kitufe 1 ni salamu ya wakati haupo, 2 ni ya wakati unazungumza na mtu mwingine, 3 ni jina lako, na 4 ni salamu ya muda, kwa mfano wakati wa likizo. Salamu ya muda ikiwepo hutangulia nyingine zote, kwa hiyo kumbuka kuifuta ukirudi.

5. Pima muda wa kulia. FreePBX husubiri sekunde 15 kisha humpeleka mpigaji kwenye sanduku la ujumbe. Kama unafundisha chumba cha pili na hukimbilia simu, sekunde 15 hazitoshi. Omba 25 au 30.

6. Elekeza simu pale tu inapobidi. Nyota 72 huelekeza simu zote, nyota 90 zile zinazoingia wakati unazungumza, na nyota 52 zile usizojibu. Ukielekeza simu kwenye namba ya mkononi, mpigaji hulipia kufika kwenye swichibodi, na idara hulipia kutoka swichibodi hadi kwako. Tena mazungumzo hayo mamoja hushika laini mbili za nje, moja ya kuingia na moja ya kutoka. Ofisi yenye laini nne ikiwa na walimu wawili wanaozungumza hivyo, laini zote zimekwisha.

7. Jaribu. Toka nje, piga namba ya ofisi yako kwa simu ya mkononi, na usikilize anachokisikia mgeni tangu mwanzo hadi mwisho. Hatua hii ndiyo niliyoiruka mimi. Nilijaribu kupiga nje, sikujaribu kupigiwa.

Yako mengine ya kumwomba msimamizi. Mwombe aiweke meza yako katika kundi moja na majirani, ili simu ikilia kwa jirani aliye darasani uweze kuijibu ukiwa kwako kwa kubonyeza nyota 8. Muulize namba za dharura 999 na 112 hupigwaje kutoka meza yako, hasa kama ofisi yenu hubonyeza 9 kwanza ili kupata laini ya nje. Pia muulize kama neno la siri ambalo chombo chako hutumia kujitambulisha kwa swichibodi ni refu na gumu kubahatisha. Hili si jambo dogo. Wako wezi wanaotafuta kupitia intaneti swichibodi zilizo wazi, wakabahatisha maneno ya siri mepesi, kisha wakapiga simu za nchi za mbali usiku kucha. Bili humfikia mwenye swichibodi.

Mashine inaposema Kiswahili

Sasa tufike kwenye uwanja wetu. Sauti inayokujibu ukibonyeza nyota 97 kwa kawaida huja kwa Kiingereza. Hata hivyo kila namba ya ndani inaweza kupangiwa lugha yake. Msimamizi huandika msimbo wa lugha, ambao kwa Kiswahili ni sw, kisha huweka rekodi za lugha hiyo katika folda yake. Rekodi isiyokuwepo husomwa katika lugha ya msingi ya mfumo. Ndiyo sababu kazi iliyofanywa nusu huzaa mashine inayochanganya ndimi katika sentensi moja.

Ugumu wenyewe ni wa sarufi. Mashine haina sentensi nzima, ina vipande. Ili kukwambia kwamba una jumbe tatu mpya, hucheza kipande cha "una", kisha namba, kisha "mpya", kisha "jumbe", kwa mpangilio wa maneno ya Kiingereza. Ukitafsiri kipande kwa kipande utasikia "una tatu mpya jumbe". Katika Kiswahili nomino hutangulia, na namba huifuata. Tena namba moja hadi tano pamoja na nane huchukua viambishi vya ngeli, ilhali sita, saba, tisa na kumi hazibadiliki. Tunasema ujumbe mmoja, lakini jumbe mbili. Mtu mmoja, watu wawili, watu saba. Mashine yenye rekodi moja tu ya "moja" haiwezi kutamka "mmoja".

Njia ya kutoka ni kutunga upya badala ya kutafsiri. Kipande cha kwanza tukirekodi "Jumbe ulizo nazo ni", kipande cha namba kikabaki namba ya kuhesabia, na kipande cha nomino kikaachwa kimya, tutapata "Jumbe ulizo nazo ni tatu mpya, na mbili za zamani". Pale mashine inapotaka kusema hakuna, tunarekodi "sifuri". Sentensi haijawa tamu sana, lakini ni Kiswahili na inaeleweka. Huu ni mfano mzuri wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba tafsiri hufanywa kwa maana, wala si kwa neno.

Tatizo la saa ni kubwa zaidi. Kabla ya kucheza ujumbe, mashine husoma saa ulipoachwa. Ujumbe wa saa nane na nusu mchana husomwa kwa hesabu ya Kizungu, yaani mbili na thelathini. Tukirekodi kwa Kiswahili namba hizo hizo, msikilizaji atasikia saa mbili na nusu, na atakosea kwa saa sita. Hata hesabu ya saa ishirini na nne haituokoi, maana ujumbe wa saa mbili na nusu asubuhi utasomwa nane na thelathini. Wala hatuwezi kubadilisha rekodi ya "mbili" iwe "nane", kwa kuwa rekodi hiyo hiyo hutumika kuhesabu jumbe na kusoma namba za simu. Dawa yake ni programu kufundishwa tofauti ya saa sita. Mpaka hapo, mwombe msimamizi azime usomaji wa saa katika sanduku lako, na uangalie saa ya ujumbe kwa maandishi, kwenye barua pepe ambayo swichibodi inaweza kukutumia kila ujumbe unapoachwa. Wenzetu wa Luganda, ambao nao huhesabu saa kuanzia macheo, watakumbana na tatizo hilo hilo.

Salamu ya kufaa

Anayesikiliza salamu yako analipa. Kwa hiyo iwe fupi, itaje mahali, na imwambie la kufanya. Napendekeza mfano huu:

"Hujambo. Hapa ni Idara ya Kiswahili, ofisi ya mazoezi ya kufundisha. Sipo mezani kwa sasa. Tafadhali taja jina lako, namba yako ya simu na shida yako baada ya mlio. Nitakupigia leo kabla ya saa kumi na moja jioni. Asante."

Usiahidi muda ambao huwezi kuutimiza. Na usirekodi "nipo likizo" halafu ukaisahau hadi muhula unaofuata.

Zoezi kwa wanafunzi

(a) Tunga salamu isiyozidi sekunde 20 kwa ajili ya ofisi ya mkuu wa idara. Isome kwa sauti huku mwenzako akipima muda.

(b) Orodhesha vipande ambavyo mashine ingehitaji ili kusema "umebakiwa na dakika moja", "dakika mbili" na "dakika nane". Kisha fanya hivyo kwa "viti" badala ya "dakika". Eleza kwa nini orodha ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza.

Mwisho

Simu ya mezani haimjui aliyekaa mbele yake. Inaijua namba na maagizo iliyopewa mara ya mwisho. Mwalimu anayehamia ofisi mpya hukagua ufunguo, kiti na kabati. Naomba tuongeze simu katika orodha hiyo, na anayeondoka afute maelekezo yake kabla ya kukabidhi ufunguo. Ni kazi ya dakika kumi, na mwanafunzi aliye mbali, mwenye barua isiyo na sahihi, hatakuwa na haja ya kupanda basi ili tu aulize.