Kisangani: Maji kutoa mvuke si kusema yamechemka

Mbabula imewaka, makala ni ghali, na juu ya sufuria mvuke unaanza kupanda. Hapo ni rahisi kusema maji yameshachemka na kuyaondoa motoni. Kumbe bado.

Kisangani, kosa hilo linaweza kuleta ugonjwa. Mwezi wa tatu 2011, kolera ilizuka katika mji huu, ikashuka na Mto Congo hadi Mbandaka na Kinshasa. Kwa anayechota mtoni au kwenye kisima, sufuria ndiyo kinga ya mwisho.

Mvuke hausubiri maji yachemke. Maji hukauka kwa joto lolote, kuanzia juu tu: ndivyo nguo zinavyokauka kwenye kamba bila moto, ingawa kwa unyevu wa Kisangani zinachukua muda. Tena yanapokauka, maji peke yake ndiyo yanayoondoka. Uchafu unabaki ndani ya chombo.

Kuchemka ni jambo lingine. Mvuke unajitengeneza ndani ya maji yenyewe, mapovu makubwa yanatoka chini na kupasuka juu bila kukoma. Yale mapovu madogo yanayoshikamana na sufuria mwanzoni ni hewa tu iliyokuwa ndani ya maji.

Mji uko mita kama 400 juu ya bahari, kwa hiyo maji yanachemka karibu digrii 99. Goma, kwenye mita kama 1.500, ni karibu 95. Kote kuwili vijidudu vya kolera havibaki. Kusema kweli vinakufa hata kabla ya hapo, lakini nani ana kipimajoto jikoni? Mapovu makubwa ndiyo alama ambayo kila mtu anaiona.

Na hapa ndipo makala yanapookolewa. Maji yakishachemka, kuongeza moto hakuyaongezei joto, kunayamaliza tu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri yafikie kuchemka kwa nguvu, kisha yaondolewe yapoe yenyewe. Dakika moja ya mapovu makubwa inatosha, hakuna haja ya robo saa. Sufuria ikifunikwa tangu mwanzo, yanachemka upesi zaidi.

Maji ya mto yenye matope yaachwe kwanza yatulie, yachujwe kwa kitambaa safi. Yakishapoa yakae kwenye bidoni yenye kifuniko, kwa sababu kikombe kimoja kichafu kinatosha kurudisha vijidudu.