Kabla Shule Hazijafunguliwa

Shule za Marekani hufungwa kwa wiki kumi hivi wakati wa joto. Mtoto wa wazazi wenye uwezo hupelekwa kambi ya sayansi na kutafutiwa mwalimu wa piano. Yule ambaye mama yake anafanya kazi mbili hubaki nyumbani akilea wadogo zake. Mwaka 1982, mwanasosholojia Karl Alexander na wenzake walianza kuwafuatilia watoto wa darasa la kwanza jijini Baltimore. Miaka mingi baadaye walihitimisha kwamba pengo la ufaulu kati ya maskini na wenye nacho hupanuka zaidi likizoni. Paul von Hippel, aliyepitia upya ushahidi huo, anasema sehemu kubwa ya pengo huwa tayari ipo mtoto anapoanza shule.

Ubishi huo una maana, lakini kwa watoto wa miaka 11 hadi 14 naona swali zito ni jingine: Septemba watapangwa darasa gani?

Mwanafunzi anayesoma aljebra darasa la nane husoma jiometri la tisa, aljebra ya pili la kumi, na hufika kalkulasi akiwa la kumi na mbili, kabla ya chuo kikuu. Asiyepangiwa aljebra mapema hana miaka ya kutosha kufika huko, labda aruke hatua. Uamuzi hufanyika akiwa darasa la sita au la saba, mara nyingi bila mzazi kuelezwa uzito wake.

Hapo ndipo programu za likizo kama Summerbridge huingia. Ilianza mwaka 1978 San Francisco, katika shule ya binafsi iliyofungua madarasa yake kwa watoto wa familia zisizo na uwezo. Leo mtandao wake unaitwa Breakthrough. Isichanganywe na tuisheni tuliyoizoea, ya kukariri maswali ya mitihani iliyopita. Watoto husoma mada za muhula ujao, na walimu wao ni wanafunzi wa sekondari na vyuo, wanaosimamiwa na walimu wazoefu. Kijana wa miaka 19 humwonyesha mtoto wa miaka 12 kwamba kupenda kusoma si aibu, jambo ambalo mtu mzima hulisema kwa shida.

Aliyeliona suala la aljebra kwa kina kuliko wengi ni Robert Moses. Kiangazi cha 1964 aliongoza kampeni ya haki za kupiga kura Mississippi, ambako Shule za Uhuru za kampeni hiyo ziliwafundisha watoto weusi zaidi ya 2,000. Kisha akaja Tanzania, akafundisha hesabu Same, Kilimanjaro, hadi 1976. Aliporudi kwao alianzisha Algebra Project, akisisitiza kwamba mtoto maskini ana haki ya aljebra kama mzazi wake alivyo na haki ya kura. Wanafunzi wake walipanda treni ya Boston, wakachora vituo, wakaeleza safari kwa maneno yao, ndipo wakaandika alama za hesabu. Hesabu waliyoizoea iliuliza “ngapi?”, treni iliwalazimu kuuliza pia “upande gani?”, na namba hasi, zinazoonyesha upande wa pili, zikaeleweka.

Mwaka 1996 baadhi ya vijana waliokulia katika mradi huo waliunda Young People's Project, ambako wanafunzi wa sekondari hulipwa kuwafundisha wadogo zao hesabu, likizo ikiwemo.