Upande upi wa mstari? Mtego wa grafu katika hisabati ya KCSE

MSAFIRI anayetoka Nyeri kuelekea Nanyuki hukutana na bango la Ikweta kando ya barabara kabla ya kuingia mjini. Wengi hushuka, wakapigwa picha mguu mmoja ukiwa kusini na mwingine kaskazini, kisha wakaendelea na safari yao.

Mtahiniwa wa KCSE angefaa kukawia hapo kidogo. Jambo linaloonyeshwa na bango lile ndilo humpotezea alama katika hesabu za kutolingana zinazochorwa kwenye grafu: kutojua upande wa mstari unaotakiwa.

Tuichukue Ikweta kuwa mhimili wa x. Kila mahali kaskazini, y ni zaidi ya 0. Kila mahali kusini, y ni pungufu ya 0. Aliyesimama juu ya mstari wenyewe hayuko kaskazini wala kusini. Na ili kuutambua upande wa kusini, si lazima kukipima kila kijiji. Yatosha kujua kwamba Nyeri iko kusini. Popote tutakapofika kutoka Nyeri bila kuuvuka mstari patakuwa kusini vilevile. Hata kilele cha Batian, chenye urefu wa mita 5,199, ambacho mkazi wa Nanyuki hukitazama asubuhi mawingu yakimruhusu, kimo upande huo.

Swali la aina hii likitokea katika sehemu ya pili ya karatasi, huwa na alama 10, na mtahiniwa huchagua maswali matano kati ya manane. Anayelikimbia kwa hofu hujipunguzia nafasi ya kuchagua.

Tutunge mfano. Mchuuzi wa Nanyuki ana pikapu isiyoweza kubeba zaidi ya kilo 1,000, na mtaji usiozidi Sh36,000. Gunia la viazi lina kilo 50 na humgharimu Sh1,500. Neti ya vitunguu ina kilo 20 na humgharimu Sh1,000. Wateja wake wanataka zaidi ya magunia manne ya viazi, na idadi ya neti isipungue idadi ya magunia.

Hapa kazi ya kwanza ni ya lugha. Karatasi huandikwa kwa Kiingereza, lakini anayeyapima maneno kwa Kiswahili hatapotea. "Isizidi" hukubali kiwango chenyewe. "Zaidi ya" hukikataa. "Isipungue" hukubali usawa. "Pungufu ya" hukataa. Sisi wahariri tumezoea kuhangaishwa na silabi moja ya namna hiyo, na kwenye grafu silabi hiyo ndiyo huamua iwapo mstari utachorwa mzima au wa vipande vipande.

Magunia yakiwa x na neti y, uzito hutupa 50x + 20y ≤ 1,000, yaani 5x + 2y ≤ 100. Fedha hutupa 3x + 2y ≤ 72. Wateja hutupa x > 4 na y ≥ x. Mistari mitatu ni mizima; wa x = 4 peke yake ni wa vipande.

Mstari wa fedha hukata mihimili kwenye (24, 0) na (0, 36). Upande upi unafaa? Weka (0, 0) kama tulivyoitumia Nyeri: jibu ni 0, nayo haizidi 72. Basi upande wenye (0, 0) ndio unaotakiwa, na kivuli hutiwa upande wa pili, kwani desturi ya shule zetu ni kutia kivuli eneo lisilotakiwa. Mwanafunzi aliyejifunza katika kitabu cha nchi nyingine kinachotia kivuli eneo linalotakiwa asome swali mara mbili.

Kwa mstari y = x, nukta (0, 0) haisaidii, maana imo juu ya mstari. Ni sawa na kumuuliza aliyesimama kwenye bango yuko upande gani. Tumia (0, 10): 10 haipungui 0, basi upande huo unafaa.

Kosa jingine huzaliwa mapema. Anayeandika −2y ≥ 3x − 72 kisha akagawanya kwa −2 hana budi kuigeuza ishara: y ≤ 36 − 1.5x. Anayeona ni ajabu atazame 2 na 5: 2 ni ndogo, lakini −2 ni kubwa kuliko −5. Akisahau, nukta ya majaribio itamfichua iwapo ataipima kwa sentensi ya kwanza aliyoiandika, si ile aliyokwisha kuigeuza.

Eneo likishapatikana, faida hutafutwa pembeni mwake. Gunia likileta faida ya Sh400 na neti Sh200, kona ya mistari ya uzito na fedha, (14, 15), hutoa Sh8,600, na hakuna nukta iliyo bora. Kilo zinatimia 1,000 na mtaji unakwisha wote.

Sasa bei igeuke: gunia Sh200, neti Sh300. Kona (4, 30) inavutia kwa Sh9,800, na mwenye pupa ataiandika. Lakini imo juu ya mstari wa vipande, na wateja walisema zaidi ya manne. Kwenye x = 5, mstari wa fedha unaruhusu y hadi 28.5, na hakuna anayeuza nusu ya neti. Jibu ni magunia matano na neti 28, faida Sh9,400. Magunia sita na neti 27 yangeleta Sh9,300.