Baiskeli ya magurudumu matatu kwa wazee: Rungwe ina wateja, haina duka

Mkazi wa Nkunga mwenye miaka 65 na goti linalouma anazijua njia zote za kufika Tukuyu. Anaweza kupanda bodaboda, au bajaji pale barabara inaporuhusu, au kuchukua baiskeli yake ya zamani ambayo siku hizi anaisukuma zaidi ya kuipanda. Kanuni za leseni za mwaka 2010 ziliingiza pikipiki na bajaji katika usafiri rasmi, na tangu hapo vyombo vya magurudumu matatu vimekuwa biashara kubwa: bajaji kwa abiria, guta kwa mizigo. Mzee anayetaka kunyonga mwenyewe, aende shambani na kurudi bila kumlipa mtu, hana anachouziwa.

Chombo chenyewe kipo duniani. Ni baiskeli ya kuegemea: mwendeshaji hukaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu ikinyooka mbele kwenye pedeli, na magurudumu matatu humshikilia hata akisimama. Ulaya na Marekani hununuliwa sana na watu waliovuka miaka 60, kwa sababu hailemei viganja, shingo wala kiuno, na haimwangushi anayeanza kupoteza uwiano.

Mfanyabiashara mmoja wa baiskeli na vipuri mjini Tukuyu, aliyeomba jina lake lisitajwe, anasema wazee humuulizia chombo cha namna hiyo mara kwa mara. Kinachomkwaza, kwa maelezo yake, ni forodha kabla ya bei. Katika orodha ya ushuru ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, inayofuata mpangilio wa kimataifa, vyombo vya kunyonga visivyo na injini, magurudumu matatu ya mizigo yakiwamo, viko fungu la 8712. Viti vya magurudumu na vyombo vya wenye ulemavu viko 8713. Baiskeli ya kuegemea ina pedeli na mnyororo, kwa hiyo huangukia fungu la kwanza, pamoja na baiskeli ya kijana wa mashindano. Mzee ambaye hawezi tena kukaa kwenye tandiko la kawaida hatambuliki kama mlemavu mpaka awe na cheti. Kwa mfanyabiashara huyo, hapo ndipo biashara inapofia: hawezi kuagiza bidhaa kwa kutegemea kwamba kila mteja atakuja na karatasi ya daktari. Anadai pia kwamba amewahi kuuliza mapema ni fungu gani litatumika na akapewa majibu tofauti na watu wawili. Dai hilo la mwisho ni lake. Lakini hoja ya mafungu inasomeka wazi kwenye orodha yenyewe.

Upande wa serikali husikii wasiwasi huo. Ofisa mmoja aliyezungumza kwa sharti la kutotajwa alirejea tarakimu moja tangu mwanzo wa mazungumzo hadi mwisho: asilimia 5.7. Ndiyo sehemu ya Watanzania wenye miaka 60 na zaidi kwa Sensa ya 2022, takribani watu milioni 3.5 kati ya milioni 61.7. Kwake hilo ni soko tayari, na sekta binafsi inapaswa kulichangamkia. Tarakimu ni sahihi. Ninachotilia shaka ni safari ya kutoka kwenye sensa hadi kwenye mfuko wa mzee. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa pensheni ya Sh20,000 kwa mwezi wote wenye miaka 70 na zaidi. Bara hakuna malipo ya namna hiyo kwa kila mzee. Kipato cha mzee wa Nkunga hutoka kwenye ndizi, chai, viazi, maziwa na, miaka hii, parachichi. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua. Kumtambua hakumpi fedha ya kununulia chombo.

Na hata akiipata fedha hiyo, achague nini? Hapa nakaa kidogo, maana atakayekosea atakuwa ametupa akiba ya miaka. Aina ya kwanza ina magurudumu mawili mbele na moja nyuma. Imetulia kwenye kona, ila kiti kiko chini sana, na goti bovu linaloshuka hapo kwa urahisi hupata taabu kuinuka. Aina ya pili ina moja mbele na mawili nyuma. Kiti kiko juu zaidi, mtu anakaa kama anavyokaa kwenye kiti cha kawaida. Kwa mzee, hii ya pili ndiyo ningeiangalia kwanza, kwa sharti la kutokata kona kwa kasi kwenye mteremko, kwa kuwa inaweza kupinduka.

Milima ya Rungwe inadai mambo ambayo muuzaji wa Ulaya hayatilii mkazo. Breki ya kufungia chombo kikiwa kimesimama ni lazima, la sivyo kitateremka mzee akiwa bado anashuka. Gia ya chini kabisa iwe nyepesi kweli. Chombo hiki ni kizito kuliko baiskeli, na mlimani huwezi kusimama juu ya pedeli ukasaidia kwa uzito wa mwili. Mvua za hapa hazina huruma, na gurudumu linalosukuma likiwa moja huteleza kwenye tope. Njia za migombani ni nyembamba. Kwenye barabara kuu ya Uyole hadi Kasumulu, dereva wa lori hawezi kumwona aliyekaa chini bila bendera ndefu nyuma yake.

Vipuri ndivyo vinavyotisha zaidi. Mnyororo wake hufikia urefu wa minyororo miwili au mitatu ya kawaida, ingawa fundi yeyote anaweza kuiunganisha. Matairi ya inchi 20 yanapatikana kwa kuwa baiskeli za watoto huyatumia. Viungo vya usukani na ekseli za upande mmoja havipatikani.

Mafundi wa kuchomelea wanasema wanaweza kutengeneza aina ya pili kwa ekseli ya guta na kiti cha bomba. Naelekea kuwaamini kuliko ninavyoamini kwamba mwagizaji atajitokeza karibuni, ijapokuwa guta huundwa kwa ajili ya mzigo, na breki yake mara nyingi haitoshi kumshusha mtu mlimani. Mapunguzo ya ushuru yakija, bei inaweza kushuka. Yasipokuja, kazi itabaki kwa mafundi, na mzee atakayeagiza kwao aijaribu breki kwenye mteremko, akiwa amekaa yeye mwenyewe, kabla ya kumaliza malipo.