SAUNDIBA: JE, YAFAA MFANYAKAZI KUINUNUA?



Hapa Uganda televisheni nyembamba zimeenea katika kambi za mashamba ya miwa na chai, na katika nyumba za wafanyakazi wa viwandani. Pamoja nazo yamekuja malalamiko: picha ni safi, lakini maneno hayasikiki vizuri. Wauzaji wana jibu lao tayari. Wanasema tununue saundiba, yaani ile spika ndefu mfano wa rula inayowekwa chini ya televisheni.

Wenzetu wengi wanatuuliza kama yafaa kuitolea mshahara. Jibu letu ni kwamba yafaa kwa mwenye sababu. Lakini kabla ya kutoa fedha, ni lazima tujue ubovu uko wapi: katika televisheni, katika chumba, au katika masikio yetu wenyewe.

Ubovu wa televisheni

Televisheni za zamani zenye kichogo zilikuwa na sanduku pana, na spika yake iliweza kukaa vizuri humo. Hizi nyembamba hazina nafasi. Spika zake ni ndogo, na mara nyingi zinatazama chini au nyuma. Sauti hugonga meza au ukuta kwanza, ndipo imfikie msikilizaji. Saundiba ina spika zenye nafasi zaidi, nazo kwa kawaida zinatazama mbele. Faida yake ni hiyo.

Ubovu wa chumba

Kuta tupu za saruji na paa la bati hurudisha sauti, na maneno hugongana. Pazia zito na mkeka sakafuni hupunguza mwangwi. Televisheni isogezwe ukingoni mwa meza, na kile kitambaa cha kudarizi kisizibe spika zake. Kisha tufungue mahali pa kurekebisha sauti, tupunguze besi na kuchagua sauti ya mazungumzo kama ipo. Kurekebisha hivi hakugharimu mshahara. Tujaribu kwa juma moja kabla ya kwenda dukani.

Ubovu wa masikio

Hapa ndugu tusikilizane vizuri. Mfanyakazi aliyekaa miaka mingi karibu na mtambo wa kusaga miwa, mashine za kusindika chai au jenereta huenda masikio yake yameharibiwa na kelele. Kelele huanza kwa kuua uwezo wa kusikia sauti nyembamba, na herufi kama s, f na sh hupotea. Mtu husikia kwamba msomaji wa habari anasema, lakini hapati maneno. Huongeza sauti hadi watoto wakimbie chumbani, kisha hulaumu televisheni.

Jaribio ni rahisi. Fungulia taarifa ya habari katika redio, kwa sauti ya kiasi. Maneno ya redio yakiwa wazi na ya televisheni hayaeleweki, ubovu huenda uko katika televisheni. Lakini kama hata ya redio huyapati, na kijana aliyeketi kando yako anayapata yote, basi nenda ukapimwe masikio. Sikio lililoharibiwa na kelele haliponi, na saundiba haitalirudisha.

Wataalamu wa afya kazini huweka mpaka wa desibeli 85 kwa saa 8 za kazi. Asiye na kipimo aangalie hivi: ikimbidi kupaaza sauti ili mwenzake aliye umbali wa mkono mmoja amsikie, yaelekea kelele imekwisha fika mpaka huo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Vifunika masikio ni haki yetu, si zawadi. Idara isiyo navyo imweleze mwakilishi wake, naye alifikishe jambo hilo mbele ya uongozi.

Ukiamua kununua

Aliyejaribu yote na kuona kwamba ubovu ni wa televisheni, azingatie haya:

1. Asidanganywe na tarakimu kubwa za wati zilizoandikwa PMPO. Aulize wati za RMS, ndizo zinazoonyesha nguvu ambayo spika inaweza kuihimili kwa muda mrefu.

2. Aangalie matundu ya nyuma ya televisheni yake kabla ya kwenda dukani. Lile la HDMI lenye neno ARC ni zuri. Televisheni ya zamani inaweza kuwa na matundu mekundu na meupe tu. Kuunganisha kwa bluetooth huweza kuchelewesha sauti, midomo ikatangulia maneno.

3. Dukani aombe kusikiliza taarifa ya habari, si muziki. Besi kubwa hufunika maneno. Tena katika nyumba zetu ukuta ni mmoja, na jirani aliyetoka zamu ya usiku anahitaji usingizi. Saundiba isiyo na sabufa inatosha.

4. Ahesabu umeme. Saundiba inayotumia wati 30, kwa saa 4 kila siku, hula yuniti 3.6 kwa siku 30.

5. Ajihadhari na mkopo. Kwa mfano, chombo cha shilingi 300,000 taslimu kikiuzwa kwa awamu 12 za shilingi 35,000, mnunuzi atalipa 420,000. Hizo 120,000 za ziada ni siku ngapi za kazi yako? Heri kuweka akiba kidogo kidogo na kulipa mara moja.

Ndugu, kusikiliza habari na mpira jioni baada ya kazi ni starehe ya haki, wala hatumkatazi mtu. Tunachoomba ni kwamba kila mmoja afanye jaribio la redio juma hili, na aliyeona dalili za masikio asinyamaze. Amwone mwakilishi wa tawi lake, maana huenda mwenzake wa mashine ya pili anaumwa vile vile.